Urefu wa Kivuli cha Babu

*Shuleni, Jumatatu, tarehe 2 Mei*

Babu,

Shikamoo. Na usijibu "marahaba" halafu ukanyamaza mwezi mzima kama safari iliyopita. Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi kama risiti, na mistari yenyewe ilipanda mlima. Ulianzia chini kushoto ukamalizia juu kulia, herufi kubwa kama za kibao cha duka. Mkono umepatwa na nini? Simu umeikataa kata kata, unasema inameza maneno ya watu. Basi walau kalamu iwe na adabu.

Mimi mzima. Nafundisha sayansi darasa la saba. Maabara yetu ni kabati moja lenye kufuli, na ufunguo ulipotea kabla sijaajiriwa, kwa hiyo nafundishia vya jikoni. Wiki iliyopita tulitia yai kwenye glasi ya maji, likazama. Tukakoroga chumvi, kijiko baada ya kijiko, yai likapanda lenyewe mpaka juu. Darasa zima likapiga kelele, Mwalimu Mkuu akaja mbio akidhani ameingia nyoka. Akalitazama yai, akanitazama mimi. "Mwalimu, hapa tunasoma au tunapika?" Kuna msichana mmoja, wenzake wamemwita Wakili kwa sababu hakuna asilolibishia. Akasimama: "Tungekuwa tunapika, Mwalimu Mkuu, lingekuwa limeiva." Nilijikuna pua nisicheke.

Wiki hii ni maharage kwenye glasi yenye pamba iliyoloa, tunatazama mzizi unavyoteremka. Wanakimbilia dirishani hata mikoba hawajatua.

Sasa ombi. Nataka wanafunzi wangu wapime ukubwa wa dunia. Usicheke. Unasimamisha fimbo ya mita moja juani, wima, unapima kivuli chake katikati ya mchana, pale kinapokuwa kifupi kuliko wakati wote. Siku hiyo hiyo, mtu mwingine aliye mbali sana anapima cha kwake. Yanayobaki ni hesabu, nitakueleza tukionana. Mimi mtu wa mbali ninaye mmoja tu.

Likizo hii sitaweza kuja. Mkaguzi anakuja mwezi wa sita kuniona nikifundisha. Akiridhika nathibitishwa kazini, asiporidhika naondoka na chaki zangu. Nimekukumbuka mpaka naota harufu ya gundi yako ya kuzibia mipira ya baiskeli.

Mjukuu wako,
Kasuku

*Huku kwetu, Jumamosi, tarehe 7 Mei*

Spoki, jirani mwenye hila,

Nakutumia barua ya mjukuu wako. Hii ni ya tatu sasa. Yeye anaiandika katika mji huo huo ulikolazwa, inasafiri mpaka huku, mimi naitia bahasha mpya, inarudi huko huko ilikotoka. Posta wakijua watatufunga, au watatupa zawadi. Umesema mwenyewe kwamba kati ya hospitali yako na shule yake ni barabara na ua wa waya. Lakini maneno yenu yanapitia kwangu, kama uzi unaozunguka cherehani nzima ili uingie kwenye tundu la sindano lililokuwa pale pale.

Kwa nini usimwambie? Nimeapa sitamwandikia neno, na kiapo ni kiapo. Lakini usinizoeze uongo uzeeni. Meno yenyewe yaliyobaki hayatoshi kuubania.

Nyumba yako haivuji. Jogoo wako ananidharau. Sukari imeshuka?

Jirani yako,
Sindano

*Hospitali ya Macho, Alhamisi, tarehe 12 Mei*

Sindano,

Tulifundishwa barua huanza kwa kusema hofu ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Upeo wa macho yangu siku hizi unaishia kwenye ncha ya pua, hata muuguzi anayenipa uji na kunisomea barua ningeweza kumwandikia hivyo. Watu husema macho hayana pazia. Waje kwangu, nina mawili, na la kushoto ni zito kama lile la dirisha lako unalochungulilia wapita njia. Daktari kasema nina mtoto wa jicho. Nikamuuliza, daktari, umri huu? Na mama yake nani? Hakucheka. Wa hapa hawacheki kabla ya chai.

Sukari haijashuka, na hawanipasui mpaka ishuke. Kila asubuhi wananitoboa kidole, wanatikisa kichwa, wananirudisha kwenye benchi. Nimekuwa kama baiskeli iliyoachwa kwa fundi, kila mpita njia anaipiga kengele.

Kwa nini nisimwambie? Wewe ulikuwepo, unauliza nini? Bibi yake alipolala kitandani, nani aliacha kazi? Alikuwa mwalimu mahali pazuri, akafunga daftari akaja kumgeuza bibi yake na kumwosha miguu mpaka siku ya mwisho. Alipotaka kurudi, kiti chake kilikuwa na makalio ya mtu mwingine. Akakaa kwangu miaka, anafundisha watoto wa mtaani kuhesabu kwa spoki zangu, anasubiri kazi nyingine. Hakunung'unika hata mara moja. Angenung'unika ningemzoea. Leo akijua niko hapa, ataiacha chaki katikati ya neno avuke barabara, na huyo mkaguzi atakuta darasa na yai. La. Kiti kimoja kimetosha.

Na la pili, hili usiliambie hata cherehani. Sitaki yeye anione mimi. Nataka mimi nimwone yeye. Mtu akija kukutazama na wewe humtazami, hiyo si ziara, huko ni kuzuru kaburi. Wakinifungua bandeji na jicho likakubali, nitavuka barabara kwa miguu yangu nisimame mbele yake, nimtazame mpaka aone haya. Jicho likikataa, tutatunga uongo mwingine. Sisi ni mafundi.

Wiki mbili zilizopita nilijikongoja mpaka kwenye ua wa shule. Sikumwona, niliona ukungu umevaa sare. Lakini nilimsikia. "Nani ataniambia yai limepandaje?" Sauti ile ile iliyokuwa ikiniuliza mbona gurudumu halina pembe. Nikaushika ule waya mpaka mlinzi akaniuliza kama kuna kitu nauza.

Sasa anataka kivuli. Najua utataka kunipimia wewe huko nyumbani. Thubutu! Utapima kwa futi ya suruali na kuongeza pindo. Na kivuli kaniomba mimi. Jua ni moja, kivuli ni kivuli. Nitakipima hapa hapa uani kwa wagonjwa, nani atajua?

Tuma barua iliyomo humu. Stempu uibandike wima, safari ile ndege wa kwenye stempu alilala chali.

Spoki

*Nyumbani, Alhamisi, tarehe 12 Mei*

Kasuku wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya mwezi uliopita, nilikuwa nimeikalia. Mwandiko unapanda kwa sababu meza imevunjika mguu, na Sindano aliyeahidi kuupigilia anapigilia maneno tu. Mimi niko hapa barazani, jogoo ananitazama kama ananidai. Kila kitu kipo mahali pake. Hata mimi.

Yai nimelijaribu. Langu lilikuwa limechemshwa, na bado likapanda, mwambie huyo Wakili. Nilipogeuka kidogo, Sindano akaja na kiu yake akainywa ile glasi yote. Mpaka sasa anatembea na kata ya maji.

Maharage nayo ninayo dirishani. Mawili yameoza, moja limeota. Linapindia upande wa nje. Nikiigeuza glasi, kesho yake nakuta limejigeuza tena kutafuta upande wake. Nimeliacha. Kila mtu ana upande anaoutazama.

Kivuli nitakupimia, nipe siku tu. Hesabu zake usihangaike kunieleza. Niliishia darasa la nne kwa sababu mimi na mwalimu wa hesabu tulikubaliana kwamba mmoja wetu aondoke, na yeye akakataa.

Likizo usije, nani amekuita? Kaa na mkaguzi wako. Huku hakuna aliyekukumbuka, isipokuwa gundi.

Babu yako,
mwenye kila kitu mahali pake

*Shuleni, Jumamosi, tarehe 21 Mei*

Babu,

Barua yako nimewasomea darasani, nikaruka pale pa mwalimu wa hesabu kwa sababu yule wetu alikuwa anapita dirishani. Wamekupenda. Wametaka kujua kama Sindano amepona kiu.

Siku ni Ijumaa, tarehe 3 Juni. Fimbo iwe mita moja juu ya ardhi, isimame wima, isiiname hata kidogo. Anza kutazama kabla ya saa sita, weka alama kila kivuli kinapofupika, na kitakapoanza kurefuka tena, rudi kwenye alama iliyokuwa fupi kuliko zote. Niandikie urefu wake, na saa yako ilisema saa ngapi. Saa uilinganishe na redio.

Wakili amesimama kama kawaida yake. "Mwalimu, tutajuaje kama babu yako hatudanganyi?" Nikamjibu: "Babu yangu anadanganya kila siku ya juma, lakini fimbo haijui kudanganya." Kwa hiyo usinitungie namba, Babu. Hata ikikuchukiza, andika ile ile uliyoiona.

Watu husema fimbo ya mbali haiui nyoka. Labda hawakujua kwamba ya mbali ndiyo inayopima dunia.

Nikwambie kitu cha kijinga? Wiki kadhaa zilizopita tulikuwa kwenye yai, nikatazama nje, nikaona mzee ameshika waya wa ua. Kofia kama yako, mabega yamepinda vile vile. Nilikuwa nimeshafika mlangoni na chaki mkononi, nikakumbuka wewe uko mwendo wa siku mbili kutoka hapa. Nikarudi. Nilipotazama tena hayupo. Siku hiyo nzima nilifundisha nikiwa nimeupa ubao uso.

Unakumbuka kile kioo cha baiskeli? Ulikuwa ukinirushia jua lake nikitokea kona ya mwisho nikirudi shuleni, doa la mwanga linanifuata kwenye ukuta mpaka nicheke. Hivyo ndivyo nilivyojua upo barazani. Siku hizi nikifika kona yoyote ninatazama ukutani.

Mkaguzi anakuja Alhamisi, tarehe 16 Juni, saa nne asubuhi. Niombee.

Kasuku

*Nyumbani, Ijumaa, tarehe 3 Juni*

Mwalimu wangu,

Kazi imekwisha, mgongo umekwisha pia.

Fimbo niliipasua jana, nikaitia alama kwa tupa, nikaisimamisha uani. Ili iwe wima nilining'iniza nati ya baiskeli kwenye uzi kando yake, fimbo na uzi vikaenda sambamba. Watu walikusanyika wakidhani namzika mtu mwembamba. Mmoja akauliza tunangoja nini. Nikamwambia tunangoja jua lichoke. Akaketi, akaleta na saa yake, tukawa wawili.

Sikuyaamini macho, maana mwanga wa mchana una maringo. Nilipima kwa kiganja. Unaulaza mkono kwenye sakafu ya saruji, unausogeza taratibu, na mahali baridi inapoishia moto unapoanzia, hapo ndipo ncha ya kivuli. Hujawahi kuniambia kama kivuli kina baridi yake. Ningekuwa nimekishika zamani.

Namba yako hii: sentimita thelathini na tisa. Saa ya mwenzangu ilisema saa sita na dakika ishirini na mbili. Sikuongeza wala kupunguza. Uongo wangu wote nimeuweka kando leo, na mkono ulikuwa mwepesi mpaka ukaniogopesha.

Yule mzee wa kwenye ua usimfikirie sana. Wazee wenye kofia wamejaa duniani. Labda alikuwa anasikiliza tu, naye ana mjukuu wake mahali. Ila siku nyingine ukimwona, usiupe ubao uso.

Babu yako

*Huku kwetu, Jumatano, tarehe 8 Juni*

Spoki,

Kaa chini kama umesimama.

Ijumaa ile saa sita na mimi nilisimamisha fimbo uani kwako. Nilitaka kukuonyesha kwamba fundi cherehani anapopima hapimi na pindo. Kivuli nilikikatia uzi mweusi, kutoka shinani mpaka nchani. Saa sita na robo bado kilikuwa kinafupika, nikakaa nacho mpaka kikatulia, mboga yangu ikaungua.

Leo barua yako imefika. Ulifunga bahasha kwa uji, usinilaumu kwamba imefunguka yenyewe. Nikaona umeandika thelathini na tisa. Spoki, uzi wangu unaipita hiyo namba kwa kiganja na vidole. Sijui maana yake, shule sikukupita. Lakini nimekata nguo maisha yangu yote, na najua nguo mbili za mtu mmoja haziachani kiasi hicho.

Basi barua yako nimeituma kama ilivyo, sijaongeza nukta. Uzi nimeukunja nikautia humo humo. Niliapa sitamwandikia neno. Uzi si neno.

Nitukane ukipenda, utakuwa umepona. Njia ya mwongo ni fupi, ndugu yangu, fupi kuliko kivuli cha saa sita.

Sindano

*Shuleni, Jumanne, tarehe 14 Juni*
*Imeletwa kwa mkono*

Babu,

Muuguzi atakusomea barua hii Alhamisi asubuhi, si kabla. Ameniahidi. Kwa hiyo ukiisikia, ujue nimejua, na ujue huna ruhusa ya kupandisha sukari.

Jana barua yako ilifika. Niliandika namba yako ubaoni chini ya yetu. Yetu: thelathini na tisa, saa sita na dakika ishirini na mbili. Yako: thelathini na tisa, saa sita na dakika ishirini na mbili. Mmoja huko nyuma akasema, "Basi dunia ni bapa."

Kuna jambo sikukueleza, nilisema ni hesabu za baadaye. Jua ni moja, Babu, lakini dunia ni mviringo. Ukienda mbali jua linakupiga kwa mwinamo mwingine na kivuli kinabadilika. Nyumbani ni chini kabisa ya ramani, tena upande linakozamia jua. Kivuli cha huko kilitakiwa kirefuke kuliko chetu, na mchana wake uchelewe. Nikajisemea, mzee amenitungia. Lakini ungetungaje namba yetu na mimi sijakwambia?

Nikaikung'uta bahasha kwa hasira. Ukadondoka uzi mweusi.

Wakili akauokota, akaunyoosha kwenye rula. Hamsini na nne. Ndiyo hasa namba niliyokuwa naingoja kutoka nyumbani. Akautazama uzi, akautazama ubao, akaja mpaka mezani kwangu na kunena kwa sauti ya chini, yeye ambaye hajui sauti ya chini. "Mwalimu, huu uzi ndio umetoka kwenu. Babu yako yuko hapa."

"Hapa wapi?" nikauliza kama mjinga.

"Hapa hapa kwetu. Fimbo haijui kudanganya. Si ulisema mwenyewe?"

Mwandiko unaopanda mlima. Kupima kwa kiganja. Kofia kwenye ua. Nikamaliza kipindi, sijui nilifundisha nini, nikavuka barabara mpaka hospitali ya macho.

Nilikuona, Babu. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Ulilala mdomo wazi kama kawaida yako, umekonda, na dirishani ile glasi, harage lako limepindia shuleni. Nilishika kitasa. Muuguzi akanigusa bega akaniambia uliyomwambia: "Mtu wangu asije kuniona mpaka mimi nitakapomwona." Nikasimama pale. Nilitaka kukutukana na kukukumbatia, sikujua nianze na lipi. Nikakiachia kitasa. Mengi nimekusamehe maishani, hili bado nalipima.

Kesho wanakupasua. Keshokutwa asubuhi wanakufungua bandeji, na keshokutwa hiyo hiyo saa nne mkaguzi atakaa nyuma ya darasa langu. Jana nilimwandikia Mwalimu Mkuu kuomba ruhusa. Nikaisoma, nikaichana. Nilijua ungesema nini. Muuguzi amenieleza yote: wiki zote hizo kwenye benchi, wanakutoboa vidole, unanisikia na hunioni, ukavumilia ili nisikiache kiti. Nikikiacha, utakuwa umekaa bure.

Basi somo nimelibadilisha. Litakuwa mwanga. Kila mwanafunzi ataleta kipande cha kioo, kingo zake tutazifunga utepe asikatwe mtu. Tutatoka uwanjani, tulikamate jua, tulirushe ng'ambo ya barabara mpaka kwenye dari ya chumba chako. Darini tu, si machoni, daktari amekataza. Mwombe muuguzi akuketishe upande wa harage.

Ukiuona, niandikie. Usipouona, niandikie vile vile. Nitakuja vyovyote itakavyokuwa, na safari hii hakuna wa kunishika bega.

Kasuku

*Hospitali ya Macho, Alhamisi, tarehe 16 Juni*

Kasuku,

Mpe maji huyu muuguzi aliyekuletea, amekimbia.

Mwambie Sindano nitamshona mdomo kwa uzi wake mwenyewe. Kisha nitambusu.

Walinifungua baada ya chai. Kwanza nikaona weupe, halafu weupe ukapata pembe, pembe zikawa daktari. Ni kijana, ana sura ya mtu asiyecheka kweli. Nikamwambia, "Ala, kumbe ni wewe!" Akacheka. Wakanivalisha miwani myeusi, nikaonekana mwizi wa heshima, wakaniketisha dirishani. Muuguzi akanisomea barua yako. Pale pa kitasa akasita, nikamwambia soma tu, mwanangu, nimestahili.

Mara dari ikaingiwa na wadudu. Doa moja, mawili, kisha dari nzima ikajaa madoa ya jua yanakimbizana. Wagonjwa wakapiga kelele. Mzee wa kitanda cha pili, ambaye hajapasuliwa, akauliza kuna nini. Nikamwambia jua limekuja kututembelea, limeleta na watoto wake. Akalia, mjinga yule. Tukalia wote.

Yalikuwa yanacheza ovyo, kila moja linataka kumpita mwenziwe. Ila moja lilikaa pembeni, halikimbii, linatetemeka tu. Yale mengine ya watoto yalikuwa na mikono imara. Hilo la kutetemeka nikajua ni la mwalimu.

Nimeliona, Kasuku. Nimeliona kabisa.

Kisha nikatazama chini, nje, ng'ambo ya barabara. Kuna mtu mrefu kavaa tai, amemnyang'anya mtoto kioo na yeye anarusha. Kama huyo ndiye mkaguzi, basi mwache amalize kucheza, usimharakishe. Na kuna mwanamke kasimama katikati ya uwanja, kavaa gauni la bluu, kafunga kitambaa vibaya kama bibi yake alivyokuwa akifunga. Nikamtazama mpaka miwani ikaingia ukungu. Umekuwa mkubwa. Nani amekuruhusu?

Usije sasa. Maliza kipindi, wape kazi ya nyumbani, muage mkaguzi kwa adabu, kioo chake mnyang'anye. Mimi nashuka uani. Nakaa kwenye lile benchi, na ile fimbo ya mita moja bado imesimama pale pale nilipoichomeka, hakuna aliyethubutu kuing'oa. Sasa hivi kivuli chake ni kirefu. Nakupa mpaka kiwe kifupi kuliko wakati wote. Kikianza kurefuka tena na wewe hujafika, naruka ua mwenyewe, na safari hii mlinzi akiniuliza, nitamwambia kuna kitu nimekuja kuchukua.

Babu yako,
wa hapa hapa